Kadi za Neno Moja

Mdogo wangu mpendwa,

Chini ya kitanda changu kuna boksi la viatu. Ndani yake zimo kadi mia mbili na kumi na mbili, zote zimeandikwa kwa mkono wako. Nimelificha miaka thelathini na moja.

Nakusalimu wewe, shemeji na wajukuu. Magoti yanaendeleaje? Mimi mapafu yamechoka; daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi.

Unakumbuka tulivyofundisha Kiingereza shule moja, meza zetu zikitazamana. Wanafunzi walilalamika kwamba neno "get" halishikiki: mtu hulitumia akipokea barua, akiugua homa, akishuka kwenye basi, hata akielewa somo. Ukasema neno hilo ni kama wifi mbea, huingia kila chumba bila kubisha hodi. Ukaanza kuandika kila matumizi kwenye kadi yake, na mfano kutoka kwa watu tuliowafahamu. Miaka tisa. Mwalimu mkuu alikutania kwamba utastaafu kabla ya neno kuisha.

Kisha chumba cha walimu kikapakwa rangi, boksi likapotea. Ulilia hadi ukashindwa kuingia darasani. Miaka miwili baadaye nilichapisha kitabu changu, nikakuambia nimejitahidi kukumbuka uliyoyakusanya. Ukanishukuru kwa kuokoa japo kidogo. Kitabu kizima nilikinakili kutoka kwenye kadi zako. Nilibadili mifano tu.

Kadi moja sikuitumia. Umeandika, kwa Kiingereza chako kisicho na doa, kwamba kaka yako ndiye aliyekupatia kazi.

Barua yako ya mwezi uliopita ilisema yule mama mfagizi wa shule, aliyekuwa shoga yako, alifika mlangoni kukujulia hali. Amezeeka, anatembelea fimbo. Akakuapia tena kwamba hakuchoma kadi zako pamoja na takataka, kosa lililomfanya afukuzwe kazi. Ukamwambia aende zake, kwa kuwa kaka yako alimwona kwa macho yake na hana sababu ya kumsingizia mtu. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Binti yangu atakuletea boksi. Nisalimie wote hapo nyumbani; wakiuliza habari zangu, usiwafiche.

Ni mimi kaka yako,
ambaye sikumwona mama yule akichoma chochote.