Singo Iliyobaki Bakulini

Jumatano, Wiyoni. Joto la kunata. Hata paka wamelala chali.

Leo tumemsinga mjukuu wa somo yangu, anayeolewa wiki ijayo; mwili mzima tumeusugua kwa singo ya manukato. Somo yangu ni Bi Zuhura. Ndiye aliyenisinga mimi nilipokuwa mwari, akanifunda mambo ya ndoa na ya josho, kuoga kwa kujitoharisha. Josho la hedhi, alisema, halitimii mpaka maji yafike kila mahali. Aliyosema kuhusu waume bado nangoja kuyaona.

Mwari alipokwenda kuoga, singo ilibaki bakulini. Nikamwambia Bi Zuhura akae nimsinge yeye.

"Wanisinga niolewe na nani, we mwana? Na Izraili?"

Akacheka, akakaa. Nikasugua mgongo, mabega, nikashuka kwapani. Hapo kifuani, ubavuni mwa ziwa la kushoto, vidole vyangu vikakutana na kitu kama kokwa ya tende. Kigumu, hakisogei.

Alikuwa akijua.

"Donge hilo nalipaka liwa ya kusaga tangu Ramadhani. Ziwa la mtu mzima ni mto wa sufi, mwanangu. Sufi hufanya madonge."

Tangu Ramadhani! Na huyu ndiye akiona chunusi kwenye uso wa mwari anataka harusi iahirishwe.

Mimi nilifundishwa na muuguzi wa kliniki. Kila baada ya josho la hedhi, ngozi ikiwa bado ina sabuni, nalaza vidole vitatu na kuvizungusha polepole, ziwa zima hadi kwapani. Si kila donge ni ugonjwa mbaya, alisema, lakini donge jipya huonyeshwa daktari. Somo yangu hedhi ilishamkatikia. Hana siku ya kumkumbusha. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Nikamwambia kesho twende hospitali.

"Harusi kwanza," akasema Bi Zuhura.

"Somo, maji hayajafika kila mahali."

Alijua maneno hayo nimeyatoa wapi.

"Ataniona mwanamume?"

"Tutaomba mwanamke. Akikosekana, nitakuwa papo hapo, nimekushika mkono."

"Haya. Lakini sendi hospitali nikinuka jasho. Nifukizie buibui."

Basi buibui lake liko hapa chumbani kwangu, juu ya chetezo, linakunywa udi. Naandika huku nakohoa.

Siku ya singo yangu, somo yangu aliniimbia mpaka nikasahau kuogopa.

Kesho asubuhi ni zamu yangu. Sauti sina. Nitamwimbia hivyo hivyo.