Kabini ya Juu Mpaka Basoko

Jumatatu, 13 Julai 1964

Shuka kumi na mbili tu leo. Nimemaliza kupiga pasi kabla ya adhuhuri. Zamani meli ya Léopoldville ikitia nanga, hoteli ilijaa na mikono yangu ilikufa ganzi mpaka jioni. Naukumbuka ule uchovu. Sikudhani ningeukumbuka.

Wageni nao walikuwa wamebadilika. Wale wa kwanza walipelekwa kwa gari Wagenia, kwenye maporomoko ya mto hapa Kisangani, wakapiga picha mitego ya samaki, wakarudi barazani kunywa bia baridi. Wa baada ya uhuru walitaka kukaa chini na wavuvi, kula kwa mkono, kujua mtoto wa fulani anaitwa nani. Daktari mmoja na mkewe walikataa meza iliyotandikwa, wakaomba mkeka. Nilimsimulia mama. Akacheka. “Bao banatafuta mukeka. Miye nilikuwa na mukeka maisha yote. Nataka kitanda yao.”

Hakuwa anatania. Mama alifua shuka za daraja la kwanza la meli miaka ishirini. Alizipokea bandarini, akazirudisha bandarini. Hakupanda ngazi ya kwenda kabini za juu hata siku moja. Mtu mweusi alipanda tu akiwa amebeba trei.

Nimekata tiketi. Kabini ya juu, mimi na yeye, mpaka Basoko kwa dada yake. Tunaondoka tarehe 28. Siku chache tu, kisha turudi.

Alhamisi, 16 Julai

Tonton Assumani amekuja, mdogo wake marehemu papa. Fundi cherehani. Amekasirika. “Vita iko inakuja, na nyiye munaenda kutembea?”

Mama akamjibu polepole: “Alors ningoje nini? Jicho moja limeshakufa. Hili lingine litaningoja?”

Tonton akatoa utepe wake na kumpima mama mabega. Atamshonea gauni la safari. Ana hasira bado.

Nafikiri ana haki. Sikumwambia.

Jumamosi, 25 Julai

Treni imeleta watu kutoka upande wa Kindu. Magodoro kichwani, kuku mikononi. Wanasema waasi wanakuja na jeshi linakimbia. Hotelini wamebaki wageni watatu. Bibi Mgiriki wa chumba cha nne ameondoka kwa ndege asubuhi, ameacha viatu vya hariri chini ya kitanda. Sikuvigusa.

Naogopa. Mama anauliza tu kama kabini ina dirisha.

Jumatatu, 27 Julai

Kabini yetu imepewa familia ya mkubwa mmoja. Karani wa bandari aliniambia bila kuinua macho. Nilimwonyesha tiketi. Akasema tiketi ni karatasi.

Nilikaa juu ya gunia la mchele, sikujua nitarudi nyumbani niseme nini. Hapo akanikuta papa Lokwa, msimamizi wa wahudumu wa meli, mtu wa Isangi. Ndiye aliyekuwa akimkabidhi mama mafurushi ya shuka, akimwita yaya, dada mkubwa. Nikamweleza yote.

Alikuna kidevu. “Yaya Anifa alinifulia miaka ngapi? Miye niko na kabini yangu, juu, kwa nyuma. Iko kadogo. Mutalala mule. Miye nitalala jikoni.”

Nikalia mbele ya wapagazi. Sikuona haya.

Jumanne, 28 Julai

Ndani ya meli. Naandika magotini.

Tonton alileta gauni alfajiri. La bluu, kola nyeupe. Nilimwomba apande nasi. Akasema cherehani haiachwi peke yake. Alisimama bandarini mpaka sikumwona tena.

Chini watu wamebanana hata pa kuweka mguu hapana. Mama alipanda ngazi akisimama kila hatua. Nilidhani ni magoti. Kumbe alikuwa akipapasa shaba ya mkono wa ngazi, taratibu, kama mtu anayesoma.

Alijilaza kitandani na viatu vyake. Akanusa shuka. “Haikusuuzwa vizuri.” Akalala usingizi mzito, mji wa Yanonge ukapita hakuuona.

Alasiri papa Lokwa alimletea chai kwa trei, kikombe cha daraja la kwanza. Mama amekaa kwenye kiti dirishani, maji ya mto yote mbele yake. “Merci, monsieur,” akamshukuru kama mabibi wa Kizungu. Wote wawili wakacheka mpaka wakafuta machozi. Sijawahi kumwona mama hivyo.

Baadaye aliona mwanamke na kichanga chake kwenye ujia, hana pa kulala. Mama akamwita ndani. Nilichukia. Nilisema hii ni safari yetu. “Bon, ni yangu,” akasema, “na miye nasema aingie.” Nimepata kona ya sakafu. Nimechukia bado.

Alhamisi, 30 Julai

Basoko. Mama mkubwa Zaina alikuwa ufukweni. Hawakuwa wameonana miaka tisa. Walishikana mikono tu, kila mmoja akimtazama mwenzake amezeeka vipi.

Tumekula liboke, samaki waliofungwa kwa majani na kuchomwa, na kwanga ya muhogo. Nimeshiba. Nimewaza nyumbani.

Alhamisi, 6 Agosti

Meli ya kuturudisha haikuja. Haitakuja. Wavuvi wanasema Kisangani imetwaliwa na waasi, na mtoni hakuna chombo kinachopanda.

Hakuna habari za tonton. Nimeuliza kila mtumbwi. Hakuna anayejua fundi wa cherehani.

Ningemvuta kwa nguvu. Ningekaa chini bandarini, nikatae kupanda bila yeye. Nilimwomba mara moja tu. Mara moja haitoshi.

Sina nguo nyingine. Sina kazi. Mama hajaniuliza kuhusu kurudi.

Jumapili, 9 Agosti

Mvua asubuhi. Bado hakuna habari.

Majirani wa mama mkubwa walikuja kujikinga barazani, na mama akawasimulia safari. Alianza na dirisha. Kisha upepo, kikombe, jinsi miti inavyopita wewe umekaa tu. Mwanamke wa kichanga amekuwa rafiki yake wa zamani. Safari ya siku mbili imekuwa siku sita.

Mmoja alinigeukia, akauliza kama ni kweli.

Nikasema ni kweli. Nikasogea, nikakaa karibu na mama nimsikilize vizuri.