Watoto wa Mama Fancy

Nakuru,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Mitchelle. Natumaini Jerry, anayekuletea barua hii, atakukuta goti limetulia na kikohozi cha Baba kimepungua tangu mvua zianze. Mimi ni mzima, ila baridi ya Nakuru mwezi huu inauma mpaka kwenye meno. Nisalimie Baba, nisalimie na wenzako wa kwaya. Nasikia ulipanda mahindi kabla ya watu wote pale Chwele. Nilicheka, nikasema huyo kweli ni mama yangu.

Utashangaa kuona barua na simu ipo. Ninayotaka kukueleza si ya simu, Mama. Ungeniuliza maswali kabla sijafika mwisho, na mimi ningelia, na hakuna ambaye angemsikia mwenzake. Basi keti kwanza. Kama Baba yuko shambani, mwite, msome pamoja.

Nianze na kazi. Nilipokwambia nimepewa kuongoza kikosi cha idara ya chekechea kinachokwenda mitaani kuzungumza na wazazi, ulipiga vigelegele mpaka jirani wakauliza kama kuna harusi. Mimi pia nilijiona nimefika. Nilijua kuhutubia, nilijua kupanga mikutano, nikadhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mahali pa kwanza mkubwa wangu, Bwana Kibii, aliponituma palikuwa Karagita, kule kando ya Ziwa Naivasha. Najua jina hilo linavyokuchoma. Ndiko mwanao, Dalmas wetu, alikokwenda kutafuta maisha kwenye mashamba ya maua, na ni barabara ya huko iliyotuachia jeneza. Ndiyo sababu sikukwambia ninakwenda. Siku ya kwanza, gari la ofisi lilipopita pale lori lilipomgongea, nilifumba macho, na dereva akazima redio bila kuambiwa.

Karagita kulikuwa na darasa jipya la chekechea. Kuta zilikuwa za manjano, viti vidogo vinanukia rangi, na mwalimu alikuwa msichana mpole anayeitwa Nyakio. Ila watoto wenyewe wangetosha kwenye benchi moja. Na si kwamba mtaa hauna watoto, Mama. Karagita ni ploti kwa ploti, vyumba vya kupanga vimebanana, na kila mlango una mtoto. Bwana Kibii alinieleza wazi kwamba darasa lisipojaa kufikia mwisho wa muhula, atamhamishia Nyakio Kaptembwo, ambako watoto wanakaa sakafuni kwa kukosa nafasi. Sikuweza kumlaumu. Mwalimu haajiriwi ili afundishe viti.

Nikaitisha mkutano siku ya Jumatano asubuhi. Nilipanga viti, nikavaa suti ile ya kijivu uliyoisifu. Akaja mzee mmoja aliyedhani kuna chanjo ya mbuzi.

Jumapili iliyofuata niliiacha suti nyumbani, nikazunguka kwa miguu watu walipotoka kanisani. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia bila kuinua kichwa: "Madam, hiyo shule yenu ni ya watu wenye hawaendi job." Akanieleza kwamba gari la kampuni ya maua huwabeba kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuwarudisha jioni. Darasa letu linafunguliwa saa mbili na kufungwa saa sita. Nani atampeleka mtoto, na nani atamchukua? Kwa hiyo watoto wote huachwa kwa Mama Fancy.

Nikaenda kwa huyo Mama Fancy. Ni Mkipsigis wa upande wa Bomet, mwanamke wa mifupa mikubwa na sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa akilea watoto wa watu katika vyumba viwili vya mabati. Niliwakuta wamelala sakafuni kwa mstari, kama mahindi yaliyoanikwa. Palikuwa safi, nisiseme uongo, lakini palikuwa na giza, na hapakuwa na cha kuchezea wala mahali pa kukimbilia. Hakuwa na kibali. Vijana wangu wawili walitaka tumwandikie ilani ya kufunga papo hapo, na sahihi iliyohitajika ilikuwa yangu.

Mama Fancy alijua tumekuja na nini. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fungeni," akasema. "Lakini kesho asubuhi, saa kumi na moja na giza lake, wewe ndiye utapokea hawa watoto. Nitawaambia mama zao waje kwako."

 Niliwaambia wale vijana wanisubiri kwenye gari, nikaomba maji ya kunywa, nikakaa juu ya mtungi wa plastiki.  Kisha nilimuuliza kama angekubali kuwaleta watoto wake darasani asubuhi, akae nao, amsaidie Nyakio na uji, halafu awarudishe kwake saa sita wakingoja mama zao. Hatutamnyang'anya mtu. Akacheka kicheko kikavu. Alisema watu wa serikali huanza na kicheko na kumaliza na kufuli.

Nilirudi wiki iliyofuata, bila gari, na tena baada ya hapo. Siku moja nilimkuta ameelemewa, mtoto mmoja anatapika na mwingine anamlilia mgongoni. Nilifunga leso, nikamsaidia kuosha sakafu na kubembeleza mpaka jua likatua. Hatukuzungumza habari za shule hata kidogo. Nilipokuwa nikiondoka alinishikia mkoba, akauliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama hilo darasa lina choo cha watoto wadogo. Ndipo nilipojua amekubali.

Kazi ilibaki kwa Bwana Kibii. Aliuliza swali moja tu: je, mtoto akigongwa na bodaboda njiani? Nilimwambia nitatembea nao mwenyewe kila asubuhi mpaka wazoee, na kama kuna lawama iwe yangu.  Anajua habari za Dalmas. Alikuja kwenye matanga yetu, labda unamkumbuka, yule mrefu aliyekula mboga yako ya mrenda mara mbili. Akasema, "Basi tembea nao, Mitchelle. Lakini usitembee peke yako." Akanipa wasaidizi.

Mama zao tulikutana nao kanisani baada ya ibada. Walitupiga maswali kama mvua ya mawe, Mama, na walikuwa na haki. Wakakubali.

Ungewaona siku ya kwanza! Tulichukua kamba ndefu ya katani, tukaifunga mafundo, kila mtoto akashika fundo lake. Mama Fancy mbele, mimi nyuma. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki barabarani wenyewe, wakawa wanawapungia, "Niaje, wadogo! Someni mtubebe baadaye!" Nyakio alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kufikia Ijumaa hakuwa na sauti tena kwa kuimba. Bwana Kibii alikuja kujionea, akakalia kiti kidogo magoti yakimfika kidevuni, na watoto wakampanda kama mti. Sasa anataka tufanye vivyo hivyo Kaptembwo. Nyakio habanduki Karagita.

Mama, mpaka hapo ni kazi. Sasa vuta pumzi.

Katika ile wiki ya kwanza kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akichoka njiani. Ametimiza miaka minne juzi juzi. Akifika karibu na lami huacha fundo lake na kukaa chini, basi nikawa nambeba. Siku ya tatu nilipombeba alinishika shingo, nami nikaona masikio yake kwa karibu, yale masikio ya ukoo wetu yaliyosimama, yanayopenywa na mwanga wa jua. Nilisema moyoni, masikio ni masikio. Nikamuuliza jina lake.

Akaniambia, "Nasimiyu."

Nilisimama. Mtoto huyo huzungumza Kikikuyu na mamake, na Karagita nzima sijasikia mwingine mwenye jina hilo la kwetu. Nilimuuliza ni nani aliyempa jina zuri namna hiyo, maana mama yangu mimi pia anaitwa hivyo. Akasema ni jina la shosho wake, yaani nyanya yake. Shosho yupi? Akaelekeza kidole upande jua linakotua. "Shosho wa mbali. Hanijui."

Sikujua nilifikaje darasani. Nilimweka chini, nikaenda nyuma ya choo nikalia, na Mama Fancy akanikuta huko. Nilipomwambia, aliguna, akasema babake mtoto alikufa kabla hajazaliwa, na kwamba mamake ni mtu wa kunyamaza.

Mamake anaitwa Natalie. Kwao ni Ndabibi, watu wa shamba, na walimfukuza alipokuwa mjamzito. Nilikwenda kwake Jumapili iliyofuata, siku yake ya kupumzika. Aliponiona mlangoni alijua mimi ni nani kabla sijasema. Alisema, "Una macho yake." Kisha akaketi kitandani.

Alinieleza yote polepole. Walikutana kwenye nyumba ya kufungia maua, yeye akifunga, Dalmas akisukuma mikokoteni. Walikuwa wamepanga kuja nyumbani Disemba ile, Dalmas amlete mbele yako na Baba kwa heshima. Ujauzito ulikuwa bado mchanga. Lori likamchukua Oktoba. Mama, Natalie alikuja mochari. Alikuwepo. Alisimama nje ya lango, akakuona umekaa chini kwenye vumbi, Baba amekushika mabega, nawe ukisema kwamba mwanao amekwenda bila kuacha hata mtu wa kuitwa jina lake. Aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na mtoto alikuwa tumboni.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nakiri niliuliza kwa ukali. Akajibu, "Ningesema nini? Mimi msichana msiyemjua, wa kabila lingine, nasimama mbele ya maiti nasema nina mimba yake? Mngesema nimekuja kutafuta kitu." Hakulijua hata jina la kijiji chetu. Alichojua ni hadithi za Dalmas juu yako, jinsi unavyoimba ukichuma mboga, jinsi ulivyomfukuza na mwiko alipouza kuku wako. Kwa hiyo mtoto alipozaliwa alimpa kitu pekee cha kwetu alichokuwa nacho, jina lako.

Alinionyesha picha kwenye simu yake. Dalmas amevaa ovaroli ya kazi, amemshika bega, na anacheka kile kicheko cha macho kufumba. Sikuwa nimewahi kuiona picha hiyo, Mama. Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuwa na furaha huko. Nilikuwa naikumbuka barabara tu.

Mama, una mjukuu. Dalmas aliacha mtu.

Nilimwambia Bwana Kibii kesho yake, maana sikutaka isemwe kwamba kiongozi anamficha mtoto wa ndugu yake kati ya watoto wa watu. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema niende kazini kama kawaida, na hao wengine wote niwabebe vilevile. Ninajitahidi. Lakini nakiri kwamba huyu mmoja namshika kwa nguvu kidogo zaidi tukifika lami.

Natalie haombi kitu. Anachoogopa ni kwamba mtamwona mwongo, au mtamchukua mtoto. Nilimwambia siwezi kuwajibia, ila nawajua wazazi wangu. Kama Baba anataka wazee wazungumze kwanza na watu wa Ndabibi, sawa, taratibu zifuatwe. Kama mnataka vipimo vya hospitali, Natalie amekubali mwenyewe kabla sijamtajia. Mimi sihitaji. Lakini naomba sana, kabla ya wazee na kabla ya vipimo, ufanye jambo moja.

Nimekuandikia nambari ya Natalie. Mpigie jioni, wakati amerudi kutoka kazini. Natalie hatapokea yeye; simu ikilia, huyo mdogo huikimbilia na hakuna wa kumpokonya. Ukisema tu "halo" atakuuliza wewe ni nani. Anamuuliza hivyo kila mtu, hana adabu ya simu hata kidogo.

Mwambie, Mama.

Nawatakia nyinyi nyote usiku mwema na mvua ya kutosha. Jerry asirudi kabla hajala ugali wako. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mitchelle Makhanu.

Nambari ya mama yake Nasimiyu iko nyuma ya karatasi hii.