Barua kwa Papa, kabla ya kupanda Shuka Wote

Mpendwa Papa,

Sasa hivi mjukuu wako Furaha ameingia ndani ya beseni ya kufulia, hapa uwanjani, mfuniko wa sufuria mikononi kama usukani. Ananguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka. Kuku alikuwa amesimama kwenye ukingo wa beseni, naye akamwambia, "Kuku, shuka! Tunapanda mulima!" Kuku akamtazama tu. Basi Furaha akasimamisha gari, akatoka, akamfukuza mpaka nyuma ya jiko, akarudi kukaa na kuendelea na safari yake. Hana hata miaka mitatu, Papa. Nimecheka peke yangu, halafu nikaingia ndani kutafuta karatasi.

Hayo ameyaona kwa shofere, dereva wa leo. Kuna gari, jipu, mbele ya nyumba yetu hapa Alunguli, Kindu, tangu asubuhi. Ni ya kukodi, lokasio, pamoja na shofere wake, kama wewe ulivyokuwa ukifanya kabla ya vita. Baba Mudogo, ndugu yako, amechanga pamoja na mume wangu, kwa sababu miguu ya Mama imevimba na pikipiki haimfai tena. Tunaenda milimani Pangi, upande wa kwao Mama. Lakini safari hii si ya kusalimia. Njiani tunapita mlima ule ambao nyinyi mashofere mliuita Shuka Wote, na pale natakiwa nikuite.

Acha nieleze vizuri. Mtu akipotea bila kaburi, kwa ukoo wenu watu hawakai matanga hivi hivi. Mtoto wake wa kwanza lazima aende mpaka pale alipoonekana mwisho, amuite kwa jina lake, asikilize. Asipoitikiwa, anachota udongo wa pale, anaufunga kwenye kitambaa cheupe, na huo udongo njo unaozikwa nyumbani pamoja na shina la mgomba, mahali pa mwili. Hapo watu wanalia, wanakaa chini, na siku inafika wanasimama. Mjane hawezi kuita. Ndugu hawezi kuita. Ni mtoto wa kwanza tu. Na mimi njo wa kwanza wako, na wa mwisho pia.

Kila mara Baba Mudogo alipokuja kuniuliza, nilikataa. Nilimwambia, "Na kama anarudi kesho, mutamuambia nini? Kwamba mulizika mugomba?"

"Mutoto, uko na kichwa nguvu kama yeye," alinijibu. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Unajua mimi ni mtu wa kutumaini. Wewe njo ulinifundisha.

Nakukumbuka kwenye ile jipu ya kijani ya yule mfanyabiashara wa mtaa wa Kasuku. Ulikuwa unasema, "Watu wanakodi gari, na miye ninakodiwa pamoja nayo kama mupira ya akiba." Siku moja ulikuwa unapeleka watu wa harusi, Kalima na kuendelea milimani, ukawaomba ruhusa unibebe. Nilikaa kati yako na shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye karanga kwenye kitambaa, aliyenipa moja moja kama dawa. Penye daraja la magogo ulishuka kwanza, ukapita kwa miguu, ukagonga kila gogo kwa kisigino, ndipo ukarudi kushika volanti, usukani wako. Tulipofika juu ya kilima kimoja kabla ya Shuka Wote, asubuhi ikiwa bado changa, ukazima moteri, na yule shangazi akapaza sauti.

"Shofere, juu ya nini tunasimama? Tunachelewa! Watu wanangoja!"

"Moteri imepata moto. Tuache ipumue kidogo."

Haikuwa kweli, Papa. Ulinishusha ukanisimamisha juu ya jiwe. Bondeni kote ukungu ulikuwa umejaa kama povu kwenye beseni, na vichwa vya michikichi vilitokeza hapa na pale. "Angalia," uliniambia, "mawingu iko chini yetu. Leo siye njo wakubwa." Yule shangazi alikuwa ameshuka ili akugombeze. Akatazama, akasahau hata karanga zake. Halafu akasema, "Kumbe kila mara tunapitaka hapa macho imefungwa." Watu wa harusi walishuka wote. Walifika wamechelewa na hakuna aliyekulaumu.

Halafu vita vikafika Kindu. Ile jipu ilichukuliwa na wenye bunduki, na sisi tukaondoka kwa miguu, njia ile ile. Mama alikuwa na sufuria na nguo kichwani. Mimi nilikuwa mabegani mwako, nalia nataka gari. Ukasimama katikati ya barabara, watu wakitupita kwa haraka, ukanisemesha kama bosi aliyekodi.

"Ee patroni, kwani gari si hii? Umekodi gari na hauijui?"

Tangu hapo masikio yako yakawa volanti. Nikivuta la kuume, unakwenda kuume. Nikivuta la kushoto, hata kama kuna dimbwi, unaingia dimbwini. Kwenye kupanda ulisema, "Natia vitesi ya kwanza," yaani gia ya kwanza, na kifua chako kilinguruma chini ya miguu yangu. Ukichoka ulikohoa ukasema mafuta yamekwisha, na mafuta yalikuwa muhogo wa kuchoma, kipande kwako, kipande kwangu. Mama alitembea nyuma na kipande cha mti mkononi, kama vile mtu anavyotembea nyuma ya gari mlimani, tayari kukiweka chini ya gurudumu lisirudi. Mwanzo nilidhani hacheki. Halafu nikamsikia.

"Shofere, gari yako inanuka jasho!"

"Mama, hii ni lokasio. Kama unataka gari ya manukato, ungoje ile ya guvernere."

"Na kiti ni gumu!" nikaongeza mimi.

"Kiti ni mufupa. Hii ni modeli ya zamani."

Watu waliokuwa wakitembea kando yetu walicheka, wamebeba wagonjwa na magodoro. Bibi mmoja aliomba naye apakiwe. Sisemi uongo, Papa, njaa naikumbuka pia, na mvua, na usiku wa kulala majanini. Lakini siku zile sikujua kwamba tunakimbia. Nilidhani tunatembezwa. Uliniita nitazame maporomoko ya maji, nitazame mwanzi unaoinama, nitazame nyani wanaovuka kama watu wanaotoka misa. Nilijua maana yake baadaye sana, nilipozaa, siku ya kwanza Furaha alipougua homa na mimi nikawa namwimbia huku nahesabu pumzi zake.

Tukafika Shuka Wote. Unajua jina hilo lilitoka wapi: hata gari yenye nguvu haipandi pale na watu ndani. Ulinitua chini. "Hapa hata mwenye kukodi anashuka, patroni." Tukapanda, mkono wangu mkononi mwako. Juu tukapumua, tukahesabiana, na Mama Salima hayuko. Jirani yetu yule, alikuwa na mimba kubwa, alikuwa akitufuata nyuma. Chini kabisa, mbali, tulisikia bunduki.

Ulimwambia Mama, "Tangulia na mutoto. Ninarudi kumuvuta Mama Salima."

"Ukishuka, miye nitafanya nini na huyu mutoto?"

"Uniwekee chakula yangu pembeni."

Ndivyo ulivyosema, kwa sauti ya mtu anayekwenda sokoni. Ukashuka. Ukungu ukakuchukua kwanza miguu, halafu mgongo. Baada ya muda Mama Salima akatokea, anapumua kama anataka kupasuka. "Iko nyuma yangu," alisema. "Ameniambia nisigeuke, nipande tu." Tulikaa tukitazama njia. Ukungu ulifunga, ukafunguka, barabara ilikuwa nyekundu na tupu. Mama hakulia. Aliweka muhogo pembeni.

Na mpaka leo anaweka, Papa. Kila jioni. Sahani yako inafunikwa, inakaa juu ya kabati, asubuhi anaila yeye mwenyewe na chai, na siku hizi Furaha anamsaidia. Mtoto wa Mama Salima aliyezaliwa kule milimani sasa ni mwanaume mwenye ndevu, anauza vocha za simu pale bandarini. Mama akipita, anainuka kwenye kiti chake, hata kama ana wateja, na hakai mpaka Mama apotee machoni.

Sasa nikuambie kilichonigeuza. Siku moja Furaha aliniuliza, "Babu iko wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Iko njiani." Njo jibu la nyumba yetu, mimi nimekulia ndani yake. Kesho yake nikamtafuta uwanjani, sikumuona. Nikamkuta kando ya barabara, amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka kama mtu aliyealikwa. Kila gari, kila pikipiki, anauliza kama ni wewe: "Njo babu?" Mwenye pikipiki mmoja akasimama, akataka kutania. "Ee, mama mudogo, njo miye babu yako! Uniletee maji!" Papa, alikimbia. Alileta maji kwenye kikombe chake kidogo, nusu imemwagika kifuani. Yule mtu akanywa, akamshukuru, akawasha pikipiki, akaenda zake. Furaha alibaki na kikombe. Alilia mpaka sauti ikakauka, nami nikamkumbatia, maana hata mimi, kila gari likisimama mbele ya nyumba, bado natoka kutazama.

Mimi nilichagua mwenyewe kungoja, nikapenda. Furaha nilimvika tu kungoja huko, kama nguo kubwa kuliko yeye. Jioni ile nikaenda kwa Baba Mudogo nikamwambia, "Nitaenda." Alinipa kitambaa cheupe alichokuwa nacho, kimekunjwa, kimeshaanza kuwa cha manjano kwenye mikunjo.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko udongo. Sijawahi kulitaja jina lako. Mtoto hataji jina la baba yake, wewe mwenyewe ungenipiga kofi. Na pale lazima nikuite kwa jina lile alilokupa baba yako, lote, kwa sauti ya kufika bondeni. Jana nilijaribu jikoni, polepole, nimegeukia ukuta. Mdomo ukakataa. Nikajaribu tena, likatoka nusu, Mama akaingia kuchukua chumvi. Alisikia. Akanishika bega, akasema, "Ni jina nzuri. Miye nililipenda mbele ya kumupenda yeye." Akatoka na chumvi yake. Nikamuuliza kwa nyuma, "Mama, umeweka sahani?" Akajibu, "Nimeweka. Mpaka utakapoita, mwanangu."

Baba Mudogo amesema pale juu liitwe jina tu, maneno mengine hapana. Njo maana nakuandikia. Haya mengine ninayaweka hapa. Nimeolewa vizuri, Papa. Baba Furaha ni mtu wa Kibombo, anaingiza mchele kwa gari moshi, hanywi sana, na akinikasirikia anaongea na mbuzi badala yangu. Mimi niliishia darasa la sita, utaona kwa mwandiko huu, lakini Furaha atapita hapo. Ana masikio yako. Ni makubwa, watu wanamcheka, mimi ninayabusu. Nina mimba nyingine, hata Mama sijamwambia, wewe njo wa kwanza kujua. Nataka huyu azaliwe kwenye nyumba ambayo babu yake ana mahali pake, iwe kiti au iwe kaburi, na si barabarani.

Bado natumaini, usidhani nimeacha. Nikiwa nashona mfuko wa safari jana nilikuwa nakuona ukitoka kwenye migomba ya kijiji fulani, mzee, hukumbuki vizuri, umesikia mtu anakuita. Mambo kama hayo yamewahi kutokea kwa watu wengine, vita hii imerudisha watu waliokwisha kuliliwa. Basi sitaita kwa kutimiza desturi tu. Nitaita kama mtu anayetaka kuitikiwa. Nitangoja pale muda mrefu, hata shofere akinung'unika. Huyu wa leo ni mzee mwenye koti zito, mwenye adabu. Nilimuuliza kama jipu yake itaweza kutupandisha pale tukiwa ndani. Akatikisa kichwa. "Barabara wametengeneza kidogo, mama, lakini mulima ni ile ile. Mutashuka."

Mama tutamshika mimi na baba Furaha, huku na huku. Furaha nitambeba mgongoni, asikie jina la babu yake linatoka kwenye mwili wangu.

"Mama Furaha! Wee Mama Furaha!" Ni Mama, ameshakaa mbele, anapiga mlango wa jipu kwa kiganja. "Shofere amewasha moteri! Tunakungoja wewe tu!"

Nakuja, Mama. Papa, naandika nimesimama, utanisamehe herufi. Leo ukisikia jina lako pale juu, ujue si mgeni anayekuita. Itika, hata kwa sauti ndogo, hata kutoka mbali, mimi nitasikia na nitashuka bondeni kwa miguu yangu kukuchukua. Na ukinyamaza, Papa, nitangoja kidogo tena, halafu mimi mutoto wako nitachota udongo, nikulete nyumbani.