Kitufe cha Waoneshe

Jumatatu, 26 Januari

Nimepangusa vumbi kidakani, kile kishimo cha ukutani tulimoiweka seva. Seva inafanya kazi. Ni kikompyuta kidogo, lakini ndicho kinachobeba Ndani, mtandao wetu wa akina mama wa mtaa. Hakuna kampuni juu yetu. Picha zetu zinakaa humu nyumbani, na tangazo haliingii mpaka wenyewe tukubali. Tumekubali moja tu, la mahamri ya Bi Khadija. Hilo nalo lilizua maneno, muuza mbaazi akanuna.

Ijumaa mdogo wangu Rukia, bibi harusi wetu, anatolewa nje, aonekane na wanawake wenzake. Dada yetu Salama yuko Faza, kisiwa cha pili kutoka hapa Lamu, amejifungua juzi, hatoki mpaka arubaini. Analia kwenye simu. Anataka amwone bibi harusi, hata kwa picha.

Shangazi amepiga marufuku simu zote siku hiyo.

Jumanne, 27 Januari

Simlaumu. Mwaka jana binti wa jirani alipigwa picha kwenye shughuli kama hii, nywele wazi, hina mikononi. Ikawekwa kwenye mtandao mkubwa, eti kwa marafiki tu. Baadaye uso wake ukatokea kwenye tangazo la manukato. Wanaume wakautazama vibarazani. Shangazi ndiye aliyekaa na mama yake.

Lakini Ndani si huko. Kesho nitamwonyesha. Akikubali yeye, mtaa mzima umekubali.

Jumatano, 28 Januari

Nimeharibu.

Nilimpa simu, akavaa miwani, akasoma kila neno kama anavyowasikiliza wasichana wake wakisoma Kurani chuoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofikia kitufe cha kutuma picha. Kimeandikwa Shirikisha.

"N'mshirikishe nani na nani? Astaghfirullah!"

Nilidhani anatania. Hatanii. Maisha yake yote amewafundisha watoto wasimshirikishe Mola na chochote, leo namwambia abonyeze Shirikisha. Kisha akaona pale juu: Wafuasi. Akasema yeye si mtume. Nikacheka, akaniondokea.

Nina hasira. Hasira na waliotengeneza programu wakachagua maneno haya, na hasira na mimi mwenyewe niliyecheka. Na Salama nimwambie nini?

Alhamisi, 29 Januari

Nimezinduka nikikuna nazi. Programu iko mikononi mwetu! Mtandao mkubwa haubadilishi neno kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Amu. Mimi naweza. Nikaiacha nazi, nikaenda kwa Shangazi na kompyuta kwapani.

Shirikisha ikawa Waoneshe. Wafuasi wakawa Majirani. Alifurahi mno, akaanza kuniamrisha mpaka rangi za vitufe. Nampenda mwanamke huyu, hata akinichosha.

Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. Picha ikifika Faza, tunaweza kuirudisha?

Akina mama wa Faza wana seva yao, na mitandao yetu miwili inapeana habari. Ningeweza kumdanganya. Nikasema kweli: nikifuta hapa, kwao unakwenda ujumbe wa kuwaomba wafute. Kuwalazimisha siwezi. Kule ni kwao.

Akavua miwani. "Niate nifikiri."

Nikamwacha, nikarudi nyumbani. Ukweli wangu huenda umemnyima Salama picha.

Ijumaa, 30 Januari

Simu zimekusanywa kapuni mlangoni, mlinzi Shangazi mwenyewe. Alikuwa hajanipa jibu. Sikuthubutu kumuuliza.

Rukia akatoka. Mdogo wangu mtundu, asiyeweza kufunga mdomo, ametulia na asumini kichwani. Mzuri mpaka nikalia. Nililia pia kwa sababu Salama hayupo.

Mara Shangazi akanishika mkono, akanitilia simu yangu kiganjani.

"Nimesema na wenyewe Faza. Nimewapa amana. Piga."

Nikapiga. Picha mbili za kwanza zimetoka ukungu mtupu. Shangazi akachagua Majirani wa kuziona, jina kwa jina, wote wanawake anaowajua. Kitufe akabonyeza mwenyewe.

Jumapili, 1 Februari

Nyumba imetulia. Harufu ya udi bado iko kwenye mapazia. Asubuhi nilikaa na Shangazi kufuta picha za Rukia, kama tulivyomwahidi: zikae siku mbili tu. Kisha nikaangalia upande wa Faza. Walikuwa wameshafuta, kabla hatujaomba.

Kwao imebaki moja, ile Rukia anacheka na macho kayafumba. Chini yake Salama amemwandikia Shangazi: anaomba akae nayo mpaka arubaini iishe. Akikataliwa ataifuta sasa hivi.

Shangazi akasoma. Akasoma tena.

"Mwate nayo," akasema, akataka nimwonyeshe mahali pa kujibu.

Bado anaandika, kwa kidole kimoja. Simharakishi.