Koko Aliyekataa Kutembea Bure

Mke wangu mpendwa Kavira,

Nawasalimu nyote hapo Butembo. Hapa Goma mvua imekatika, na moyo wangu umetulia.

Watafiti vijana ninaowafundisha walikuwa wamepanga wazee wa mtaa wa Majengo watembee kila asubuhi, ili miguu yao isidhoofike. Wazee waliketi tu kwenye benchi. Niliogopa kwamba mafunzo yetu yote yangeishia kwenye karatasi. Jana nilimwamuru mwanafunzi wangu Furaha afunge daftari, amwulize sababu bibi mmoja ambaye wote humwita Koko.

«Mutoto, mutu muzima anatembea bure bure?» Koko akamjibu. «Batu batasema muke ya mutoto yangu amenifukuza ku nyumba!»

Hata mimi mwenye mvi sikuwa nimeliwaza hilo. Furaha akamwuliza angependa kwenda wapi. Soko la Kituku, kando ya ziwa, akasema, kwani sambaza anaoletewa nyumbani huchaguliwa na watu wasiojua samaki.

Basi leo asubuhi wazee sita waliteremka ziwani, kila mmoja na kikapu chake. Koko alichagua sambaza wake, akamgombeza muuzaji, kisha akapanda njia ya mawe ya volkano akiwa mbele yetu sote.

«Furaha, kuya mbio! Ao nikubebe ku mugongo?» aliita bila kugeuka.

Kesho wanakwenda kwa miguu mtaa wa Katoyi kumtazama mwenzao mgonjwa. Hakuna aliyewaagiza.

Mungu atuzeeshe polepole, mimi nawe.

Mumeo, Paluku