Dole Gumba la Kaimu

Malolo, Ruangwa
12 Machi 1956

Kwa Shemeji Swalehe,

Huku hatujambo. Ufuta umeota vizuri, na mbuzi wa mama amezaa mapacha.

Karatasi uliyomtumia jumbe nimeisoma. Inasema marehemu mume wangu Kaimu alikupa mikorosho yetu mwaka jana, na chini umeandika kwamba alama ile ni ya dole gumba lake la kulia. Mwandiko ni mzuri sana, kwa mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka minane bila kumwandikia kaka yake hata mstari mmoja.

Niliipeleka Nachingwea. Karani wa mahakama aliigeuza nyuma na mbele, akacheka. "Mama, shahidi yuko wapi? Sisi tunapiga mhuri mwenye dole akiwa amesimama hapa, tumemsomea, na amekubali. Hili limesafiri peke yake?"

Basi nikaapa mbele ya hakimu, wakaandika maneno yangu, wakayapigia mhuri.

Nilichoapa ni hiki: dole gumba la kulia la Kaimu lilikatwa na mnyororo wa trekta mwaka 1949, walipokuwa wanang'oa visiki kwenye mashamba ya karanga. Tangu hapo, kila Ijumaa nilimfunga vifungo vya shati, naye alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na mtoto mkubwa.

Wewe hukujua, shemeji. Ungekuja kumwosha kaka yako, ungeona.

Mjane wa kaka yako,
Mwantumu